Ni Nani Aliyeichagua Brashi Hii?

Ukifungua programu yoyote ya kuhariri picha na kuishika brashi kwa mara ya kwanza, utaikuta imekwisha kupangwa. Ina ukubwa wake, ukali wa kingo zake, rangi yake, na kiasi chake cha kufunika kilicho chini. Hukuulizwa lolote. Wafasiri wa programu kwa Kiswahili wamelipa jambo hili jina la chaguo-msingi, nami naliona jina hilo kuwa na uaminifu usiopatikana katika lugha nyingine kadhaa, kwa maana linakiri waziwazi kwamba palikuwa na uchaguzi. Palipo na uchaguzi pana mchaguzi. Ni nani huyo, na ni kwa hatua zipi mtumiaji alipata haki ya kumpinga?

Katika safu hii ya nchi jirani tumezoea kuvuka mipaka ya karibu. Leo safari ni ndefu, kwa kuwa habari hii ilitokea zaidi Marekani; lakini tutarejea nyumbani kupitia Dar es Salaam na Nairobi, kwa sababu ambazo mwanafunzi wa Kiswahili ataziona zinamhusu.

Kwanza tuielewe brashi yenyewe. Brashi ya kompyuta haiburuzi rangi kama ifanyavyo brashi ya mpaka rangi ukutani. Inapiga muhuri. Unapoukokota mkono, programu inagonga alama ileile mara nyingi, moja karibu na nyingine, hata jicho likadanganyika na kuona mstari mmoja. Umbali kati ya muhuri na muhuri ni mojawapo ya mipangilio ya brashi, na aghalabu hupimwa kwa asilimia ya upana wa brashi yenyewe. Ukiuweka kuwa asilimia 10, mstari ni laini. Ukiupandisha hadi 200, mstari unavunjika na kuwa shanga zilizotawanyika. Jaribu mara moja tu na hutaiona brashi tena kwa jicho la jana. Mipangilio mingine ni ukubwa, ugumu wa kingo, pembe, na ule ninaouita hapa ufunikaji, yaani kadiri rangi inavyoficha kilichotangulia. Kila kimoja kati ya vipimo hivi kina historia yake, na kila kimoja kiliwahi kuwa nje ya uwezo wa mtumiaji.

Mwaka 1963, kijana aitwaye Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Mtu aliweza kuchora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta ya TX-2. Ilikuwa ajabu ya zama zile. Hata hivyo Sketchpad ilichora mistari ya kihandisi; haikuwa na brashi, haikuwa na rangi, wala hapakuwa na jambo la kuuliza mstari uwe mzito au mwembamba kwa hisia za mkono. Tuipite.

Brashi yenyewe ilistawi California, katika maabara ya kampuni ya Xerox iliyojulikana kama PARC. Mhandisi Richard Shoup alijenga huko mtambo na programu kwa pamoja, akauita SuperPaint. Tatizo lake la kwanza lilikuwa kumbukumbu. Ili picha iweze kupakwa rangi nukta kwa nukta, kila nukta lazima ihifadhiwe mahali fulani. Naye alihitaji kuhifadhi nukta 640 kwa 486, kila moja ikiwa na biti 8. Leo simu janja ya bei ya chini kabisa hubeba kumbukumbu hiyo mara maelfu kadhaa bila kuhisi uzito. Wakati ule ilijaza kabati. Mnamo Aprili 1973 mtambo ulinasa picha yake ya kwanza: Shoup mwenyewe akiwa ameshika kadi inayosema kwamba kitu kinafanya kazi, kwa namna fulani.

Tazama alichokiweka mezani. Mtumiaji wa SuperPaint aliweza kuchagua brashi na kalamu, kujaza eneo kwa rangi, kunasa picha kutoka video, na kuichanganya rangi yake kwa kubadilisha vipimo vitatu: aina ya rangi, ukolezi wake na mwangaza wake. Biti 8 zilimpa rangi 256 kwa wakati mmoja, lakini rangi hizo 256 alizichagua yeye kutoka katika hazina ya mamilioni. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mipangilio ya brashi ilipoanza kwa maana halisi: mchoraji hakupewa kasha la rangi lililofungwa kiwandani, alipewa funguo za kasha.

Mwaka 1974 alikuja PARC mtu mwingine, Alvy Ray Smith, mwanahisabati aliyekuwa pia mchoraji. Aliipenda SuperPaint mno. Lakini mapema mwaka 1975 aliambiwa hahitajiki tena, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeamua kwamba rangi haimo katika mipango yake. Ofisi ya kesho, kwa macho ya wakubwa wa Xerox, ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, kama karatasi zilizotoka katika mashine zao za kunakili.

Nakuomba usimame kidogo hapa. Hakuna aliyesema rangi haiwezekani. Mtambo ulikuwa palepale, ukiwaka. Uamuzi ulikuwa wa chaguo-msingi kwa maana yake pana kabisa: watu wachache chumbani waliamua kile ambacho maelfu ya watumishi wa ofisi wangekuwa nacho mbele yao, na hawakuwa na sababu ya kuwauliza watumishi hao. Shoup aliendelea kubaki na mtambo wake hadi mwaka 1979, ndipo akaondoka kwenda kuanzisha kampuni yake. Kabla ya hapo SuperPaint ilikuwa imetumika kuandaa michoro ya televisheni ya safari ya chombo cha NASA kwenda sayari ya Zuhura mwaka 1978. Leo mtambo huo uko katika Jumba la Makumbusho ya Kompyuta, California.

Smith yeye alielekea New York, kwenye taasisi ya teknolojia iliyomilikiwa na tajiri Alexander Schure, ambaye alitaka kutengeneza filamu za katuni kwa kompyuta na hakuogopa kununua kumbukumbu. Huko, pamoja na Ed Catmull, Smith alizaa wazo ambalo wewe hulitumia kila unapopunguza ufunikaji wa brashi: kwamba kila nukta, mbali na kubeba rangi zake, ibebe pia namba inayoeleza ni kwa kiasi gani inaficha kilicho chini yake. Wakaiita namba hiyo alfa, kwa herufi ya Kigiriki. Na mwaka 1978 Smith alichapisha hesabu za kuigeuza rangi ya mashine, yaani nyekundu, kijani na bluu, kuwa vile vipimo vitatu ambavyo mchoraji huvielewa. Ile duara au pembetatu ya rangi unayoizungusha leo katika programu yako inatokana na fikra hiyo. Mashine husema nyekundu 128. Mchoraji husema ipoe kidogo. Smith aliitaka mashine ijifunze lugha ya mchoraji. Mwaka 1998 Shoup, Smith na Thomas Porter walitunukiwa na taasisi ya tuzo za Oscar kwa mchango wao katika programu za kupaka rangi zilizotumika katika filamu. Ilikuwa imepita miaka 23 tangu Smith aonyeshwe mlango.

Watu wengi wa kawaida, hata hivyo, hawakuigusa brashi ya kompyuta hadi Januari 1984, Apple ilipotoa Macintosh na ndani yake programu ya MacPaint iliyoandikwa na Bill Atkinson. Kioo kilikuwa cha nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu. Ungedhani Atkinson angemtolea mtumiaji udhuru kwa ufukara huo. Badala yake alimpa uhuru ndani ya ufukara. Kwa kubofya mara mbili alama ya brashi, orodha ya maumbo ya brashi ilifunguka: duara, mraba, mshazari. Kwa kukosa rangi, programu ilitoa nakshi za nukta 8 kwa 8 za kujazia maeneo. Nazo nakshi hizo hazikuwa amri, kwani mtumiaji aliweza kuifungua mojawapo na kuibadilisha nukta kwa nukta hata ikawa yake. Anayejua kusuka ukili wa mkeka ataelewa mara moja furaha ya jambo hilo: mraba mdogo unaorudiwa, na mabadiliko ya nukta moja yanayogeuza sura ya eneo zima. Mwaka 2010 Apple iliruhusu msimbo wa MacPaint uwekwe hadharani na makumbusho yale yale ya California, na yeyote anaweza kusoma namna Atkinson alivyopanga mambo.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan, alianza kuandika programu ya kuonyesha picha zenye vivuli vya kijivu. Ndugu yake John, aliyefanya kazi katika kampuni ya athari maalumu za filamu, akamsukuma kuipanua. Februari 1990 Adobe ikaitoa kwa jina la Photoshop. Ilikuwa kwanza chombo cha picha za kamera, na brashi zake zilikuwa za fundi wa kurekebisha picha kuliko za msanii. Pengo hilo lilijazwa mwaka 1991 na Mark Zimmer na Tom Hedges, waliotoa programu iitwayo Painter, ikiuzwa ndani ya kopo la rangi la bati. Painter iliiga chaki, mkaa, mafuta na karatasi yenye mikwaruzo.

Painter isingekuwa na maana kubwa bila ubao wa kuchorea wenye kalamu inayohisi mgandamizo, na hapo inaingia Japani, kwa kampuni ya Wacom iliyoanzishwa mwaka 1983. Kalamu yake isiyo na waya ilipeleka kwenye programu habari mpya: si mahali mkono ulipo tu, bali pia nguvu yake. Swali jipya likazuka. Mgandamizo ufanye nini? Upanue mstari? Uongeze ufunikaji? Na nguvu ya nani ichukuliwe kuwa ya kawaida? Mkono wa mtoto si mkono wa fundi wa mawe. Jibu la Painter lilikuwa la heshima: katika mipangilio yake kuna mahali ambapo mtumiaji anachora mstari mmoja kwa namna aliyoizoea, na programu inajirekebisha kwa kasi na uzito wa mkono ule. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa chombo kumsikiliza mtu badala ya mtu kukitii chombo. Programu za leo hutumia mchirizo unaopindwa kwa kipanya, wenye kueleza kwamba mguso mwepesi uhesabiwe vipi na mzito vipi. Ni kazi ileile, ingawa imepoa kidogo.

Sasa tufike kwenye sehemu inayonigusa zaidi kama mwalimu wa uraia. Kubadilisha ukubwa wa brashi ni uhuru mdogo ulioruhusiwa na mwenye programu. Je, kama unataka kubadilisha kile ambacho hakikuwekwa katika menyu?

Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuandika programu ya kuhariri picha, na mwaka 1996 wakaitoa kwa umma pamoja na msimbo wake. Waliiita GIMP. Herufi ya kwanza ilisimama kwa neno la Kiingereza lenye maana ya jumla. Baadaye, kwa idhini ya Richard Stallman, mwasisi wa harakati ya programu huria, ikageuzwa kuwa GNU, jina la mradi wake. Leseni waliyoitumia inampa kila mtu ruhusa ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo wake, kuubadilisha, na kuwapa wengine nakala, iwe ya awali au iliyobadilishwa, mradi naye asiwanyime wanaompokea haki alizozipata.

Mwanzoni palikuwa na kasoro ya ajabu. Vitufe, menyu na madirisha ya GIMP vilijengwa kwa vifaa vya Motif, ambavyo vilikuwa na mwenyewe na vilikuwa vikiuzwa. Programu huria ikawa imejengwa juu ya kiwanja cha kupanga. Mattis aliliona hilo, naye akiwa amechoshwa na Motif akaandika vifaa vyake mwenyewe, akaviita GTK. Vifaa hivyo, vilivyoandikwa kwa ajili ya programu ya picha tu, vilichukuliwa mwaka 1997 na vijana wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, kuwa msingi wa GNOME, mazingira ya kazi yanayotumika leo katika kompyuta nyingi za Linux. Na yule pengwini wa Linux ambaye pengine umemwona, Larry Ewing alimchora mwaka 1996 kwa toleo la mapema la GIMP.

Katika GIMP ya leo mtumiaji hupewa jedwali zima: safu moja ina mgandamizo, kasi, mwelekeo, mwinamo wa kalamu na bahati nasibu; safu nyingine ina ukubwa, ufunikaji, ugumu, pembe na rangi; naye huweka alama pale anapotaka jambo moja litawale jingine. Kusema kweli, mara ya kwanza jedwali hilo linatisha. Uhuru mwingi usio na maelezo humchosha mgeni, na wapinzani wa GIMP hawakukosea kulalamika kwa miaka kuhusu madirisha yake yaliyotapakaa, hadi toleo la 2.8 la mwaka 2012 lilipowezesha yote kukaa katika dirisha moja. Sioni haja ya kuipamba kwa sababu tu ina leseni nzuri.

Lakini leseni ilidhihirisha uzito wake mwaka uliofuata. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop hayatauzwa tena kwa kununuliwa mara moja. Yatapatikana kwa ada ya kudumu ya kila mwezi au mwaka. Wapo walionufaika, kwa kuwa ada ndogo ya mwezi ni rahisi kuianza kuliko bei kubwa ya mara moja. Hata hivyo uhusiano wa mtu na chombo chake ulibadilika. Mchoraji aliyetumia miaka kuzinoa brashi zake sasa anazifikia kwa sharti la kulipa mwezi huu. Mwaka 2017 kampuni hiyohiyo ilinunua mkusanyiko wa brashi za mchoraji Kyle Webster, zilizokuwa zikiuzwa na yeye mwenyewe, na kuzitoa kwa wanaolipa ada. Brashi, ile mihuri midogo na vipimo vyake, ilikuwa imekuwa mali yenye thamani ya kununuliwa na kampuni. GIMP kwa upande wake ilijifunza kusoma mafaili ya brashi za Photoshop. Nayo Krita, iliyopewa jina linalotokana na neno la Kiswidi lenye maana ya chaki, ilijikita katika uchoraji, na tangu mwaka 2013 ina wakfu wake nchini Uholanzi unaokusanya michango ya kuwalipa waandishi wa programu.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kupiga magoti kwa mwenye programu yeyote, wala kumthibitishia kwamba soko la Waswahili litalipa, kwa sababu leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu. Lugha ya menyu nayo ni mpangilio; ni chaguo-msingi ambalo wengi hatukuwahi kulihesabu kuwa chaguo.

Tatizo lililowakabili ni lile unalolijua wewe unayejifunza lugha hii ukiwa na vitabu vya nchi mbili mezani. Mwanafunzi wa Tanzania anaandika kompyuta, wa Kenya ana tarakilishi; huku kuna kipanya, na katika vitabu vya Nairobi utakutana na puku. Utakuta brashi na burashi. Mipangilio imekubalika pande zote. Ufunikaji, nililolitumia katika makala haya, utashindana na mengine, nami siwezi kukuahidi kwamba litashinda.

Ukitaka kuanza, anza na GIMP. Brashi zilizokuja na programu hazikubali kuguswa. Ni lazima kwanza utoe nakala ya mojawapo, au utengeneze mpya kabisa. Chagua umbo, duara, mraba au msonge, kisha weka nusukipenyo, ugumu, pembe, na ile nafasi ya mihuri. Sanduku la jina litakungoja ulijaze. Brashi ikihifadhiwa inakuwa faili dogo katika folda yako, na ukilinakili kwa mwenzako aliyeko Kampala au Bujumbura, ataikuta ikiwa na vipimo vilevile na jina lilelile la Kiswahili ulilolipa.